Moto Guzzi 850 Le Mans ya 1977, imefufuliwa na kuchezewa: mbona bei yake iko chini ya ile iliyochoka?

#1 Mdigo wa Lecco

Wakuu salaam. Naomba akili zenu kabla sijatoa hela.

Nipo Lecco, kaskazini mwa Italia, huu mwaka wa tisa. Ukishika barabara ya kando ya ziwa kuelekea kaskazini, muda si mrefu unaingia Mandello del Lario, mji ambako Moto Guzzi zinatengenezwa tangu 1921 hadi leo. Kwa hiyo huku pikipiki hizi si za makumbusho tu. Wazee wanazipaki nje ya mikahawa, na mlio wake nimeuzoea kama nilivyouzoea mlio wa treni nikiwa mdogo Tanga. Nimeitamani moja tangu mwaka wa kwanza. Mwaka huu nimejaaliwa kuweka akiba, na leseni ya daraja A ninayo.

Jumamosi nilikwenda Bellano kuangalia 850 Le Mans ambayo kadi yake inasema ilisajiliwa mara ya kwanza 1977. Anayeuza ni mtu wa makamo. Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba yake, fundi chuma, aliyekuwa akiishughulikia kila msimu wa baridi. Imefufuliwa kuanzia fremu: rangi nyekundu mpya, nyaya mpya, beringi mpya, kutu hakuna hata chembe. Lakini pia imechezewa, na mwenyewe hakunificha. Silinda za kipenyo cha milimita 83 zimetolewa, zimewekwa za 88. Kabureta za Dell'Orto za 36 zimetolewa, zimefungwa za 40 zenye midomo kama tarumbeta, chujio la hewa hakuna. Pointi, zile za kukatia umeme ili cheche itoke, hazipo tena, cheche inatoka kwenye mfumo wa kielektroniki, na kila silinda ina plagi mbili. Shokapu za mbele ni nene, za pikipiki nyingine ya miaka ya baadaye. Kiti ni cha mtu mmoja. Breki nazo zimetenganishwa.

Anataka euro 12,500. Wiki hiyohiyo nimeona nyingine upande wa Bergamo, ya mwaka huohuo, haijaguswa na mtu: kiti kimepasuka, kutu kwenye ekzosi, haijawaka miaka mingi. Yule anataka 17,000 na hapunguzi. Mimi nimelelewa kwamba kitu kizima kinazidi bei kitu kibovu. Nielewesheni.

Jambo la pili. Ilipowashwa ikiwa ya baridi, ekzosi ya kushoto ilitoa moshi wa bluu kama dakika moja, ukakata. Na ikiunguruma imesimama inatikisika sana, ukivuta mafuta kufika mizunguko 3,000 inatulia kabisa. Ni kasoro au ndiyo tabia yake?

#2 Kisiki cha Mpingo

Nimevuta kiti. Picha mkuu, bila picha uzi haunogi.

#3 Fundi Sabasaba

Kaka Mdigo, nakujibu la moshi kwanza maana la bei wapo wenye nalo. Nina gereji Mbeya miaka kumi na nne. Pikipiki inapolala kwenye stendi ya pembeni inaegemea kushoto. Oili inatiririka kushoto, inapenya kwenye silinda, asubuhi ukiwasha inaungua. Moshi unakata kwa sababu oili imekwisha. Hapo hakuna ugonjwa. Chukua chombo.

#4 Mzee Kabureta

Fundi Sabasaba, heshima yako, ila hapo umechanganya na BMW. BMW za injini ya kulala zina silinda mbili zilizonyooka kushoto na kulia kama mikono ya mtu aliyejinyoosha. Zile kweli, ukiiegemeza kushoto oili inaingia silinda ya kushoto. Guzzi silinda zake zimesimama kama herufi V, pembe ya digrii 90 kati yake, vichwa viko juu. Hata ukiiegemeza kwenye stendi, oili iliyo kwenye silinda inarudi chini kwenye kreki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Haipandi mlima.

Moshi wa bluu wa kuwashia, unaokata baada ya dakika, mimi nausoma kama gaidi za valvu, vile vibomba vinavyoshika miti ya valvu, zimelegea. Oili inabaki juu ya kichwa, usiku inashuka taratibu kwenye mti wa valvu. Nimefanya kazi na injini hizi nikiwa kijana, kwenye gereji moja ya Nairobi iliyokuwa na wateja wa Kizungu, na dalili ni hiyohiyo.

#5 Fundi Sabasaba

Mzee wangu shikamoo. Nakubali la BMW. Lakini umejijibu mwenyewe: oili inabaki juu ya kichwa. Ukiiegemeza kushoto, kichwa cha kushoto kinakuwa chini kuliko cha kulia, oili inakusanyika upande wa valvu. Ndiyo maana moshi ni wa kushoto peke yake. Gaidi zingekuwa zimelegea, mbona kulia hakutoki moshi?

#6 Mzee Kabureta

Marahaba. Kwa sababu gaidi hazichakai kwa mpango, mwanangu. Moja inaweza kwenda kabla ya nyingine.

#7 Ngosha wa Bologna

Mdigo, la bei niachie. Nimekaa Italia tangu 2003 na ugonjwa huu ninao.

Le Mans ya kwanza ilioneshwa Milano mwishoni mwa 1975, ikaingia madukani 1976, na 1978 ikaja Mark II, yaani toleo la pili. Ni miaka miwili mitatu tu. Wanaozitafuta leo hawatafuti usafiri, wanatafuta ile iliyotoka kiwandani: kabureta za 36 zenye pampu, ekzosi za Lafranconi, mita za Veglia, ule mzunguko wa rangi ya chungwa inayong'aa kwenye taa ya mbele, na kile kiti. Kiti chenyewe kilikuwa cha sponji ya kumwagwa kwenye kalibu, pua yake inapanda juu ya tanki. Kilikuwa kinapasuka ndani ya miaka michache. Kwa hiyo aliyebaki nacho, hata kimepasuka, ana kitu ambacho wengi walishakitupa jalalani. Yule wa Bergamo anajua anachouza. Wa Bellano anauza kazi nzuri ya fundi, na kazi ya fundi haiuziki kama kazi ya kiwanda. Utasema si haki, lakini soko ndivyo linavyosema.

#8 Malindi Kwetu

Sikubaliani na Ngosha hata kidogo. Hicho kiti kilichopasuka utakikalia vipi? Utakiweka sebuleni?

Mjomba wangu amefanya kazi kwa Mtaliano mmoja hapa Malindi, wapo wengi toka zamani. Yule bwana alikuwa na pikipiki ya zamani ya kwao, sikumbuki aina, ameifunika shuka, haiguswi. Mjomba anasema kazi yake ilikuwa kuipangusa vumbi kila Ijumaa. Bahari ilikula kila kitu ndani ya shuka lilelile. Alivyokufa mwenyewe hata pampu ya breki haikutoka kwenye bolti. Bora marehemu wa Bellano aliyeendesha.

#9 Binti Mrima

Jamani mnaongea kiti, hamjaongea karatasi. Nafanya kazi Bergamo kwenye ofisi ya makaratasi ya magari, haya ndiyo ninayoyaona kila siku.

Mdigo, Italia chombo kilichozidi miaka 30 hakilipi kodi ya kumiliki. Ukikiendesha barabarani unalipa kiasi kidogo tu cha mwaka. Hilo unalipata hata kama imechezewa. Lakini ukitaka iingie kwenye rejesta ya vyombo vya kihistoria, ya FMI (shirikisho la pikipiki la Italia) au ya ASI (chama cha vyombo vya kale), wanataka picha za kila upande na wanaangalia kama iko ilivyotoka. Hapo ndipo bima ya bei nafuu inapatikana. Na ukaguzi wa kila miaka miwili upo palepale, hata kwa chombo cha kale.

Hatari yako kubwa ni hii: kadi imeandikwa injini ya sentimita za ujazo 844. Wewe unaendesha kubwa zaidi ambayo haikuandikwa popote. Ikitokea ajali, kampuni ya bima ina mlango wa kutokea. Mimi naona bei imeshuka kwa hilo, si kwa kiti.

#10 Chura wa Kihansi

Ila si Le Mans zote ni 1000? Nimeona moja Dar, upande imeandikwa 1000 kabisa.

#11 Mzee Kabureta

Hiyo uliyoiona ni ya baadaye. Ya kwanza, ya pili na ya tatu ni 850, yaani kipenyo 83 na mwendo wa pistoni 78, ukipiga hesabu unapata 844. Mark IV ya katikati ya miaka ya 1980 ndiyo iliyokuwa 1000, na ilikuwa 88 kwa 78, unapata 949. Ukiangalia vizuri, marehemu wa Bellano ameitoa 850 akaipeleka kwenye vipimo vya kiwanda kilekile. Hakubuni kitu cha ajabu. Mdigo, silinda zina chapa gani?

#12 Mdigo wa Lecco

Zimeandikwa Gilardoni, mzee. Na asante Binti Mrima, la bima sikuwa nimeliwaza.

#13 Mzee Kabureta

Gilardoni ni wa hapohapo Mandello, jirani wa kiwanda. Hizo silinda ndani zina Nikasil, mpako mgumu wa nikeli.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo linalonifanya nimtetee marehemu. Silinda za mwanzo za Le Mans zilipakwa kromu ndani. Kromu ile ikizeeka inabanduka magamba, hasa pikipiki ikilala muda mrefu bila kuwashwa. Magamba yanaingia kwenye oili, oili inayapeleka kwenye beringi za kreki. Chujio la oili lipo, lakini liko ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kulibadilisha lazima ufungue sampu nzima, kwa hiyo wengi walikuwa wanapitiliza. Yule wa Bergamo anayeuza 17,000 ya haijawaka miaka mingi, mwulizeni silinda zake zikoje ndani. Kabla hujaiwasha unatakiwa uzivue uziangalie. Kinachoitwa asilia hapo kinaweza kuwa ndicho kitakachoua injini.

#14 Ngosha wa Bologna

Mzee hapo umenena, kromu inabanduka, sibishi. Lakini mtu angeweza kuweka Nikasil za 83 akabaki na 850 yake halali, Binti Mrima akalala usingizi. Kwenda 88 ilikuwa tamaa ya nguvu.

#15 Kisiki cha Mpingo

Tamaa ya nguvu ndiyo inayonunulisha pikipiki, Ngosha. Wewe ulinunua kwa ajili ya kupeleka mayai sokoni?

#16 Chura wa Kihansi

Swali la pembeni. Ni kweli injini ya Guzzi ilitoka kwenye gari la jeshi? Babu mmoja aliniambia ilikuwa ya trekta.

#17 Mzee Kabureta

Hadithi hiyo ni kongwe. Guzzi walitengeneza kweli chombo cha jeshi chenye magurudumu matatu yanayosukuma yote, mwanzoni mwa miaka ya 1960, cha kupandia milima, na kilikuwa na injini ya V. Lakini ile ilikuwa injini nyingine, ya ujazo wa 754. Ya kwetu aliichora Giulio Cesare Carcano, yuleyule aliyechora Guzzi ya mashindano yenye silinda nane miaka ya 1950, na ilianza kuuzwa kwenye V7 mwaka 1967 ikiwa 703, kwa polisi na wasafiri. Wapo wanaosimulia kwamba Carcano alianza na wazo la injini ya V ya kuweka kwenye Fiat 500. Trekta halimo.

Kisha akaja Lino Tonti. Huyu ndiye aliyeifanya iwe ya michezo. V7 Sport ya 1971 ilikuwa yake: akaondoa dinamo iliyokaa juu ya injini, akaweka alterneta mbele ya kreki, injini ikafupika, fremu ikashuka. Mabomba ya chini ya fremu yanafunguka kwa bolti, unaishusha injini kama unavyotoa sufuria jikoni. Fremu ya Le Mans ni hiyo. Ndiyo maana nauliza, Mdigo, fremu imeguswa?

#18 Mdigo wa Lecco

Sikuchungulia chini ya kiti, mzee. Nilitekwa na rangi.

#19 Fundi Sabasaba

Rangi ndiyo ya kwanza kuogopwa. Nitoe kisa changu. Mteja aliniletea Boxer aliyoinunua Makambako, nzuri, imepakwa rangi, inanguruma. Injini ilikuwa ya nyingine iliyopata ajali. Namba ya injini kwenye kadi na namba ya chuma ni mbingu na ardhi. Alipogongwa na lori, bima wakakataa kulipa, na aliyemuuzia simu haipatikani. Mguu wake mpaka leo una chuma. Kaka Mdigo, angalia namba ya injini na namba ya fremu. Zisipolingana ondoka.

#20 Ngosha wa Bologna

Fundi, kwa Boxer uko sahihi, kwa Le Mans hapana. Tangu kiwandani namba ya fremu na namba ya injini zilikuwa za mfululizo tofauti, hazikulingana kamwe. Cha kuangalia ni herufi VE kwenye zote mbili, na namba ya fremu iwe ndiyo iliyoko kwenye kadi. Ukikuta injini imeanza na herufi nyingine, hapo umeuziwa mseto.

Ila VE nayo haitoshi. Mark II pia ni VE. Kwa mitambo zinakaribiana sana, tofauti kubwa ni nguo, yaani ule mkinga upepo wa pembe pembe. Kwa hiyo watu wamezivua Mark II nguo wakazivika za Mark I ili waziuze ghali. Njia moja ya kujua: ya kwanza kalipa za breki za mbele zimekaa mbele ya shokapu, ya pili zimehamia nyuma ya shokapu. Za Bellano ziko wapi?

#21 Mdigo wa Lecco

Nimeangalia picha zangu. Ziko nyuma ya shokapu. Herufi ni VE kwenye injini, fremu sijaisoma. Lakini shokapu zenyewe si zake, nilishasema.

#22 Ngosha wa Bologna

Basi ushahidi umeondoka na shokapu. Mimi naanza kuamini hiyo ni Mark II, na ndiyo siri ya bei.

#23 Binti Mrima

Mark II ya 1978 itasajiliwaje 1977, kaka Ngosha?

#24 Ngosha wa Bologna

Kadi ni ya fremu, dada. Injini na mwili vinaweza kuwa vya 1979. Sisemi ndivyo, nasema haijafungwa.

#25 Tumbatu Muscat

Salaam kutoka Oman. Mdigo ulisema breki zimetenganishwa halafu hukueleza. Hilo lisipite.

Guzzi za wakati huo ukikanyaga mguu unashika diski ya nyuma pamoja na moja ya mbele. Mkono unashika ile diski nyingine ya mbele tu. Kuna vali inayogawa nguvu. Wanaozoea wanasema pikipiki inakaa chini kama ngamia anayepiga magoti, haipigi pua. Mimi nimeendesha T3, Guzzi nyingine ya wakati ule, ya rafiki yangu hapa, barabara ya mlimani kuelekea Nizwa, mchanga umetambaa lami. Nilikanyaga kwa hofu, ikasimama imenyooka. Kwa pikipiki ya kawaida mkono ungenidondosha. Sasa mtu anaiondoa hiyo ili afanane na Wajapani. Kwangu hiyo ni hasara kuliko kiti.

#26 Kisiki cha Mpingo

Wa mashindano wengi waliitenganisha, Tumbatu. Ukiingia kona huku umekanyaga mguu, tairi la mbele linashikwa bila wewe kulipima kwa vidole.

#27 Tumbatu Muscat

Marehemu alikuwa anashindana na nani kando ya ziwa? Na hizo tarumbeta bila chujio, akija nayo kwetu zingevuta mchanga ndani ya mwezi mmoja.

#28 Malindi Kwetu

Mimi ningeongeza hela nikachukua Ducati. Zile za Hailwood, yule bingwa wa mashindano. Mtu alirudi kwenye mbio za Isle of Man 1978 akiwa ameshastaafu, akashinda kwa Ducati, kesho yake duniani kote wanaitaka. Guzzi nani aliishangilia hivyo?

#29 Mzee Kabureta

Ducati tamu, lakini ukisikia bei ya kufungua injini yake yenye shafti za gia za pembe utaomba maji. Guzzi tapeti, yaani nafasi za valvu, unaseti mwenyewe, umechutama kando ya pikipiki, vichwa viko mbele ya uso wako. Hakuna mnyororo wa kupaka oili, ni shafti. Kwa mtu wa mshahara hiyo ndiyo tofauti.

Na Malindi Kwetu, unaikana Guzzi huku unaipanda kila siku. Tuktuk za Piaggio za Mombasa na Malindi: Piaggio ndiye mwenye Moto Guzzi tangu 2004.

#30 Malindi Kwetu

Haya leo nimejifunza. Jioni nitamwambia dereva wangu.

#31 Msuka Waya

Nimesoma kurasa zote, hakuna aliyegusa kutikisika. Nijaribu.

Kwanza, hizi injini kreki yake imelala kwa urefu wa pikipiki. Ukivuta mafuta imesimama, mwili mzima unaegemea kulia kidogo. Hiyo ni tabia, usiiogope. Lakini kutikisika kwa kudumu ikiunguruma ni jambo lingine. Injini ya V ya digrii 90 inaweza kusawazishwa vizuri sana, ila usawa unategemea uzito wa kreki ukilinganishwa na uzito wa pistoni. Kreki hii ilipimwa kwa pistoni za 83. Umeweka za 88, ni nzito zaidi. Kama hakuichukua kreki kwenda kupimwa upya, utaisikia kwenye makalio.

Plagi mbili kwa silinda zina sababu yake. Pistoni kubwa yenye kilima juu, moto ukianzia pembeni unachelewa kufika upande wa pili. Ukiwasha pande mbili unaweza kupunguza taimingi ya cheche na injini haigongi. Huyo mzee alijua anachofanya. Ndiyo maana sitaki kuamini aliacha kreki.

#32 Fundi Sabasaba

Kutikisika kwa chini kunakotulia juu ni kabureta, kaka Waya. Mbili hazifunguki sawa. Za 40 chini hazina utulivu, hewa inapita polepole mno. Ungesema kreki, ingetikisika zaidi kadiri unavyovuta.

#33 Msuka Waya

Si lazima. Kila kreki ina mahali pake pa kutulia na pa kuuma. Mdigo hakuivuta zaidi ya 3,000.

#34 Mzee Kabureta

Au alipunguza uzito wa flaiwili, lile gurudumu zito la kwenye kreki, ili injini ipande haraka. Flaiwili nyepesi chini hutikisika hivyohivyo. Mdigo, nenda tena. Chukua tochi, godoro dogo la kulalia, na kioo.

#35 Mdigo wa Lecco

Nimerudi, wakuu. Nimekwenda leo asubuhi, nimekaa huko muda wa saa tatu. Mwenyewe alinipikia kahawa mara mbili.

Nimesoma fremu: VE, na namba ndiyo iliyoko kwenye kadi. Nimechungulia chini ya kiti. Mkia wa fremu umekatwa na kuchomelewa kitanzi kifupi ili kiti cha mtu mmoja kikae. Kazi ni safi, mshono umepangika kama vitu vilivyofumwa, lakini umekatwa.

Halafu akanifungulia stoo. Kuna sanduku la mbao. Ndani: kabureta mbili za 36, distributa ya Marelli yenye pointi zake, vali ya kugawa breki, na silinda mbili za 83 zimefungwa kwenye magazeti. Nimezipeleka kwenye mwanga. Moja ndani kromu imebanduka, kidoti kama ukucha wa mtoto, karibu na juu. Kiti cha zamani hakipo, shokapu za zamani hazipo.

Kuna pia daftari la marehemu. Kila oili aliyobadilisha, tarehe na kilomita, kwa kalamu ya risasi. Kuna ukurasa mmoja una namba zinazoishia na gramu, jozi mbili mbili, lakini mwandiko sikuweza kuusoma na sikutaka kulitoa daftari mikononi mwa mwanawe. Alikuwa analifungua taratibu sana.

Nikamuuliza kwa nini bei hiyo. Akasema hajui bei za pikipiki, anajua tu kwamba hataki imalizikie kwa mtu ataivunja auze spea.

#36 Ngosha wa Bologna

Hapo pameumana. Fremu iliyokatwa ndiyo pigo la mwisho kwa mkusanyaji. Kabureta unarudisha, pointi unarudisha, mkia wa fremu ukirudisha unabaki umechomelewa mara mbili. Lakini na sanduku ndani ya 12,500, mimi ningeinunua kesho. Sanduku peke yake lina thamani. Rudisha breki, rudisha 36, tafuta Nikasil za 83, iwe halali.

#37 Malindi Kwetu

Ukirudisha vyote hivyo umeshavunja kazi ya yule mzee, ambayo ndiyo mwanawe anaiogopa. Mimi kama ningekuwa huyo mwana, Ngosha, wewe nisingekuuzia.

#38 Ngosha wa Bologna

Sijasema atupe. Vinarudi kwenye sanduku, kama yeye alivyofanya. Yeye mwenyewe alitunza vya kiwanda miaka yote hiyo. Kwa nini alivitunza kama hakutaka virudi?

#39 Mzee Kabureta

Fundi chuma hatupi chuma. Mimi nina kabureta ya Peugeot 404 chini ya kitanda, na gari liliuzwa zamani. Usilichukulie sanduku kama wosia.

#40 Binti Mrima

Mdigo, kabla ya yote: mwana ni mrithi peke yake, au ana ndugu? Urithi ukiwa haujasajiliwa kwa jina lake hawezi kukuhamishia. Nimeona watu wamelipa na pikipiki ikakaa gereji mwaka mzima ikisubiri dada aliyeko Argentina atie sahihi. Uliza hilo kwanza, ndipo uulize gramu.

#41 Msuka Waya

Hizo gramu! Jozi mbili mbili ni pistoni na konrodi (vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kreki), alizipima. Nilisema huyu hakuacha kreki.

#42 Fundi Sabasaba

Au alizipima akalinganisha kushoto na kulia tu, kreki akaiacha. Kila fundi mwenye mizani anafanya hivyo. Gramu peke yake haisemi kitu mpaka tuone imeandikwa nini juu yake.

#43 Mdigo wa Lecco

Yuko na dada mmoja, Binti Mrima, anaishi Sondrio. Nimempigia mwana sasa hivi, anasema dada anajua na atasaini, nitataka nione karatasi. Jumanne nikitoka kazini napanda treni kwenda tena. Nitaomba ruhusa nipige picha ule ukurasa wa gramu niuweke hapa.

#44 Fundi Sabasaba

Vizuri kaka. Na nakuomba kitu kimoja cha kumaliza ubishi wangu na mzee. Mpigie aisimamishe kwenye stendi ya katikati Jumatatu usiku, isiegemee popote, na asiiwashe mpaka ufike. Ikiwaka bila moshi, ni stendi. Ikitoa moshi, namwamkia Mzee Kabureta hapahapa mbele ya watu.

#45 Mzee Kabureta

Na tochi usiache, uangalie kulia pia.